Somo la Kazi: Muhuri Safi juu ya Sabuni

Katika nyanda zetu za juu, toka Iringa hata Mbeya, wako akina mama na vijana watengenezao sabuni kwa mikono yao. Sabuni hutakasa vizuri, lakini mara nyingi alama iliyopigwa juu yake hutoka imevunjika au imefifia. Mnunuzi huitazama, huiweka chini, akachukua ile ya kiwandani. Basi katika somo hili twataka kujifunza jinsi ya kupata alama iliyo safi. Neno kubwa ni hili: alama safi haitoki katika nguvu za mkono, bali katika kuijua saa ya sabuni. Walimu waweza kulisoma mbele ya kikundi, kisha waulize maswali yaliyo mwishoni.

1. Kazi ya muhuri

Desturi hii ni ya zamani. Katika mji wa Nablus, Palestina, sabuni ya mafuta ya zeituni hupigwa muhuri wa mwenye kiwanda kabla ya kupangwa ikauke. Katika mwaka 2024 UNESCO iliiandika kazi hiyo ya Nablus, pamoja na ile ya Aleppo katika Siria, miongoni mwa urithi wa wanadamu. Kwa nini watu wa kale walijisumbua hivi? Kwa sababu muhuri ni shahidi. Sabuni isiyo na jina ikichoma ngozi, hakuna wa kuulizwa. Yenye jina ikichoma, mwenye jina huitwa. Tena mnunuzi asiyejua kusoma huijua alama kwa umbo lake, naye huitafuta sokoni wiki ijayo. Alama ikiharibika, atamtafutaje aliyemwuzia?

2. Sabuni yenyewe

Muhuri hauwezi kuiponya sabuni mbovu. Mafuta ya mawese, yapatikanayo Kyela, hufanya sabuni ngumu. Mafuta ya nazi huongeza ugumu na povu. Mafuta ya alizeti, tuliyo nayo Iringa, ni mema kwa ngozi, lakini yakizidi sabuni hukaa laini siku nyingi. Mchanganyiko ufaao kupigwa muhuri ni huu: mawese gramu 600, nazi gramu 200, alizeti gramu 200, kostiki soda gramu 140, maji gramu 280. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji. Soda itiwe ndani ya maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, maana yatachemka na kuruka usoni. Vaeni glavu na miwani, fanyeni kazi penye hewa, na watoto wawe mbali. Sufuria ya alumini isitumike, kwa kuwa soda huila. Tumieni chuma cha pua au plastiki nene.

Hapa baridi yetu ina hila. Miji ya Mbeya na Iringa iko juu ya mita 1,500, na katika miezi ya Juni na Julai mawese huganda upesi. Uji wa sabuni huonekana mzito, nasi twadhani umeiva, kumbe ni mafuta tu yaliyoganda. Kwa hiyo mafuta na maji ya soda yawe na joto la nyuzi 40 hivi kabla ya kuchanganywa. Ukiisha kumimina, gongagonga kibao cha kumiminia juu ya meza ili mapovu yatoke, kwa maana kila povu huwa shimo ndani ya herufi. Kisha funika kwa blanketi siku ya kwanza. Hewa ikiipata sabuni mbichi, huweka unga mweupe juu yake, nao huficha alama.

3. Muhuri wenyewe

Herufi zichongwe kinyume, kama zionekanavyo katika kioo. Ziwe chache, nene, na zenye nafasi kati yake. Kina cha milimita 2 au 3 chatosha. Kuta za herufi zilale kidogo, zisisimame wima, maana ukuta uliosimama hushika sabuni na kuing'oa. Angalieni sana matundu ya herufi kama O na A. Yakiwa madogo, sabuni hubaki ndani yake. Mti mgumu kama mninga hufaa, ukipigwa msasa mpaka uwe laini. Alumini isitumike, kwa sababu ile ile tuliyoisema.

4. Saa ya kupiga

Hili ndilo shina la somo. Kata sabuni baada ya siku moja au mbili. Chukua kipande cha pembeni kisicho cha kuuza, uvae glavu, ukibonyeze. Kikinata, bado. Kikibonyea bila kunata, na alama ikabaki na kingo safi, saa imefika. Kikimeguka, umechelewa. Mchanganyiko wetu huwa tayari kwa siku mbili au tatu. Wenye alizeti nyingi waweza kungoja wiki moja au zaidi, hasa wakati wa masika. Usihesabu siku tu, uulize kipande. Ukichelewa kidogo, paa uso wa sabuni kwa kisu chembamba, maana ndani bado ni laini kuliko juu.

5. Namna ya kupiga

Weka kipande juu ya meza isiyoyumba, ndani ya kisanduku kinachokibana pande zote, kisivimbe. Futa muhuri, uupake mafuta kidogo sana, au unga laini wa wanga. Simamisha muhuri wima, upige mara moja kwa nyundo ya mpira. Pigo la pili hufanya herufi kuwa mbili. Kisha uinue moja kwa moja juu, bila kuupindisha. Ufute tena kabla ya kipande kifuatacho.

6. Muhuri usiseme uongo

Sabuni iliyopigwa bado haijawa tayari kuuzwa. Ipangwe kivulini penye hewa, vipande visigusane, kwa wiki 4 hadi 6. Katika muda huo maji hutoka na uzito hupungua. Kwa hiyo msipige hesabu ya uzito juu ya sabuni mbichi. Wala mtu asiige alama ya mwenziwe, wala asitie alama ya Shirika la Viwango Tanzania pasipo leseni. Wanaotaka msaada waende SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lenye ofisi Mbeya na Iringa.

Jina la kikundi likisomeka wazi, mnunuzi hujua kwamba waliolipiga hawaogopi kuulizwa.

Maswali

1. Kwa nini herufi zichongwe kinyume?
2. Baridi hutudanganyaje tunapochanganya?
3. Sabuni inayonata hutuambia nini? Na inayomeguka?
4. Jina lenu likiwa juu ya sabuni, mnamwahidi nini anayeinunua?