Chipsi za Stendi, Jiko la Ngorongo

Kila nikitoka Dar es Salaam kurudi Ngorongo, lazima nile chipsi kavu stendi ya Kibiti. Na kila nikizijaribu nyumbani zinatoka teketeke, nyeusi nchani, zimekunywa mafuta. Nikaamini wakaangaji wana unga wao wa siri.

Siku moja usafiri ulichelewa, nikakaa saa nzima pembeni ya karai. Siri ilikuwa kabatini, nyuma ya kioo, mbele ya macho yetu sote: lundo la chipsi zilizopauka, zimeiva lakini hazina rangi. Mteja akisema, "Mdogo wangu, nifungie za elfu mbili," kijana anachota kiasi, anazirudisha kwenye mafuta ya moto mkali, dakika mbili tatu, anaepua.

Kumbe zinakaangwa mara mbili. Sisi tunakaanga mara moja, tena kwa haraka.

Mara ya kwanza ni ya kuivisha ndani. Moto uwe wa wastani: chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti, vipovu vipande taratibu. Baada ya dakika tano au sita, kabla hazijabadilika rangi, toa moja uibonyeze. Ikipondeka, epua zote. Zitandaze kwenye ungo zipoe kabisa. Usiruke hatua hii, maana hapo ndipo mvuke unapotoka na wanga wa juu unapokauka, nao ndio utakaokuwa ganda. Mara ya pili chochea moto, chipsi ikigusa mafuta ipige kelele papo hapo.

Tia kidogo kidogo. Ukimwaga sufuria nzima kwenye mafuta ya kubana, mafuta yanapoa, chipsi zinatokota badala ya kukaangika. Bei ya mafuta naijua, lakini yachuje, utayatumia tena. Yakianza kufuka moshi mapema na kunuka, mwaga.

Kiazi chenyewe kina neno. Kiazi mviringo hupenda usiku wa baridi, ndiyo maana huku bondeni Rufiji tunaletewa kutoka nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, na tunanunua kilichofika. Basi kipime: koroga kikombe 1 cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, kitumbukize. Kikizama kina wanga mwingi, hicho ni cha chipsi. Kikielea kipeleke kwenye mchuzi wa nazi, hakitavurugika. Chenye ukijani kikate sehemu hiyo, na kama umeenea kitupe. Friji usiitumie: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, chipsi zikaungua rangi kabla ya kuiva. Hapo tusio na friji tumewashinda wenye nazo.

Ukishakata, osha mpaka maji yatoke safi, loweka nusu saa, kisha futa kwa kipande cha kanga safi hadi zikauke. Chumvi nyunyiza zikitoka tu karaini, ili ishike. Kawa usifunike, mvuke utazilainisha.

Na siku mviringo ukikosekana dukani, chukua muhogo, uchemshe uive, upoe kwenye ungo, ndipo ukaange kwa moto mkali. Chemsho hilo ndilo mara yake ya kwanza. Kwangu mimi, muhogo huo na pilipili ya ndimu unazipita hata chipsi za Kibiti.