Chemchemi za moto msituni: Oga utulie, lakini pua ikae juu ya maji

HEBU fikiria maji ya moto ambayo hayakupashwa kwa makaa wala umeme, yakitiririka katikati ya msitu mnene huku mvuke ukipanda hadi kwenye matawi. Ndivyo mambo yalivyo Guadeloupe, kisiwa cha Karibea kilicho sehemu ya Ufaransa. Wenyeji na watalii huingia katika madimbwi hayo kunyoosha viungo, na wengi hurudi nyumbani wakiwa wachangamfu kuliko walivyokwenda.

Hata hivyo, mwaka 2008 mtoto wa kiume wa umri wa miaka 9 alifariki kisiwani humo baada ya kuogelea katika dimbwi la maji ya chemchemi ya moto. Hakuzama wala hakuungua. Aliuawa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho kilipitia puani mwake hadi kwenye ubongo.

Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo. Juma hili tutaeleza maji haya hutoka wapi, yana faida gani kwa mwili, na ni kwa nini hatari kubwa zaidi inaweza kuepukwa kwa jambo moja jepesi. Somo hili litakufaa ukienda ng'ambo, na pia ukitembelea chemchemi zetu hapa nchini.

JOTO HUTOKA WAPI?

Guadeloupe ina sehemu mbili kubwa zilizotenganishwa na mkono mwembamba wa bahari. Moja, Grande-Terre, ni tambarare. Ya pili, Basse-Terre, ni ya milima na misitu, na huko ndiko uliko mlima wa volkano uitwao La Soufrière, wenye urefu wa mita 1,467. Jina hilo latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya salfa, yaani kiberiti. Ukipanda mlimani utanusa harufu kama ya yai viza.

Mlima huo bado u hai. Mwaka 1976 ulirusha mvuke, majivu na mawe, na watu zaidi ya 70,000 wakahamishwa makwao kwa miezi kadhaa.

Mvua inayonyesha kileleni ni nyingi ajabu. Kwa mwaka hukaribia milimita 10,000, yaani mara 10 hivi ya mvua ya Nairobi. Sehemu ya maji hayo hupenya ardhini, hukutana na miamba iliyopashwa moto na volkano, huyeyusha madini, kisha hupanda tena kupitia nyufa na kuchimbuka msituni. Yakiwa njiani huchanganyika na maji baridi. Ndiyo sababu dimbwi moja huwa la vuguvugu tu, kama lile la Bains Jaunes lililo kwenye njia ya kupanda mlimani, ilhali jingine huwa na joto la kukutoa jasho.

FAIDA ZAKE

Maji yenye joto la kati ya nyuzi 36 na 40 za sentigredi hulegeza misuli na kupanua mishipa ya damu. Isitoshe, mwili ukiwa ndani ya maji huwa mwepesi, hivi kwamba magoti na kiuno hupumzika kubeba uzito. Mzee mwenye baridi yabisi, au mtu aliyetembea kutwa nzima, hupata nafuu ya kweli. Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala pia huweza kuleta usingizi mzuri.

Lakini tusidanganyane. Maji ya chemchemi hayaponyi kisukari, saratani, Ukimwi wala shinikizo la damu. Atakayekwambia uache dawa zako kwa sababu umeoga maji ya volkano anakupeleka kaburini. Chukua maji haya kama kiburudisho na nafuu ya viungo, basi.

HATARI IINGIAYO PUANI

Kijidudu tulichotaja kinaitwa Naegleria fowleri. Ni aina ya amiba, lakini usikichanganye na ile amiba ya tumbo inayoleta kuhara damu. Hiki huishi katika udongo na katika maji matamu yenye joto, na kinaweza kustawi katika maji yanayofika nyuzi 46 hivi. Yaani joto linalomfurahisha muogaji ndilo linalokifurahisha kijidudu pia. Hakipatikani katika maji ya bahari, na bwawa la kuogelea lililotiwa klorini ya kutosha hukiua.

Baada ya kifo cha mtoto yule, watafiti walichunguza madimbwi ya moto ya Guadeloupe na kukipata kijidudu hiki katika madimbwi kadhaa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Waligundua kwamba maji hayatoki nacho chini ya ardhi. Huingia yakishafika juu, yanapopita kwenye udongo wa msituni au udongo unapomomonyoka na kutumbukia ndani. Kwa hivyo usidhani kwamba maji ni salama ati kwa kuwa yametoka mwambani, au kwa kuwa yanang'aa hadi unaona vidole vyako.

Sasa sikiliza vizuri, msomaji. Kijidudu hiki hakikudhuru ukiyameza maji hayo, na hakiambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Njia yake ni pua. Maji yakipanda puani kwa nguvu, kama mtu anaporuka, anapopiga mbizi au watoto wanaporushiana maji, kijidudu hushika mshipa wa fahamu wa kunusia, hupanda nao, na kuingia kwenye ubongo.

Ugonjwa huu ni nadra sana. Nchini Marekani, wagonjwa waliojulikana tangu mwaka 1962 hadi 2023 ni 164 pekee, ingawa mamilioni ya watu huogelea kila mwaka. Lakini kati ya hao 164, walionusurika walikuwa 4 tu. Ni nani atakayetaka kubahatisha na mwanawe, ilhali kinga yenyewe haigharimu hata senti?

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwanza, usizamishe kichwa. Keti maji yakufike kifuani au mabegani. Usipige mbizi, usiruke kutoka kwenye mwamba, wala usisimame chini ya maporomoko ya maji ya moto yakumwagikie usoni. Mtoto ambaye hawezi kutii amri hii na akae nje, au achovye miguu tu.

Pili, usichokore matope yaliyo chini ya dimbwi, na usiingie mara tu baada ya mvua kubwa iliyosomba udongo. Isitoshe, mvua ikinyesha mlimani, mto unaweza kufurika ghafula hata kama ulipo wewe jua linawaka. Ukiona maji yamegeuka rangi au yanaanza kubeba majani na vijiti, toka upesi upande juu.

Tatu, kwa ndugu zetu Waislamu: usitumie maji ya chemchemi hizi kutawadha. Mjini Karachi, Pakistan, wako watu waliofariki kwa ugonjwa huu baada ya kuvuta puani maji yasiyo safi wakati wa udhu. Beba maji yaliyochemshwa yakapoa.

Nne, pima joto kabla ya kuingia. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi. Usijaribu kwa kutumbukiza mguu mzima. Gusa kwanza kwa kiwiko cha mkono. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia asijitegemee, bali amwombe mwenzake ampimie.

Tano, usikae ndani kwa zaidi ya dakika 15 kwa wakati mmoja. Joto hupanua mishipa, na damu hushuka miguuni. Ukisimama ghafula unaweza kupatwa na kizunguzungu na kuanguka juu ya mawe. Inuka polepole, keti ukingoni kidogo, kunywa maji. Pombe na maji ya moto havipatani hata kidogo, kwani mlevi husinzia na kuzama katika maji ya kina cha goti.

Sita, mama mjamzito, hasa katika miezi 3 ya kwanza, aepuke maji yanayoupandisha joto mwili wake hadi nyuzi 39, kwani joto hilo linaweza kudhuru ubongo na uti wa mgongo wa mtoto anayeumbika. Wenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu nao wamwone daktari kabla ya safari.

Saba, usiingie ukiwa na kidonda kibichi. Guadeloupe ina ugonjwa wa leptospirosisi, ambao huletwa na mkojo wa panya na wanyama wengine ndani ya maji na matope, na hupenya kwenye mikwaruzo. Vaa viatu vya mpira ukitembea msituni. Nyoka wa sumu hawako kisiwani humo, lakini mbu waenezao homa ya dengi wako, kwa hivyo jipake dawa ya kuwafukuza.

Nane, ukipanda hadi kileleni, usivuke vizuizi vilivyowekwa karibu na matundu yanayofuka. Gesi itokayo humo ina asidi inayochoma macho na mapafu. Mwenye pumu asisogee karibu kabisa.

Na kabla ya yote hayo, msafiri atokaye Kenya kwenda Guadeloupe hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Pata chanjo hiyo siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka.

UKIUGUA BAADA YA KUOGA

Dalili za ugonjwa wa kijidudu hiki huanza kati ya siku 1 na 12 baada ya maji kuingia puani. Mgonjwa huumwa sana na kichwa, hupata homa, kichefuchefu na kutapika. Baadaye shingo hukakamaa, fahamu huvurugika na kifafa humshika. Kuanzia dalili ya kwanza hadi kifo, mara nyingi hupita siku 5 hivi tu.

Hapa ndipo penye shida. Dalili hizi hufanana kabisa na zile za homa ya uti wa mgongo. Na msafiri aliyekwisha kurudi Kenya, jambo la kwanza litakalofikiriwa ni malaria. Daktari hawezi kujua kwamba juma lililopita ulikuwa ndani ya dimbwi la moto ng'ambo ya bahari. Usingoje aulize. Mwambie mwenyewe: "Nilioga kwenye chemchemi ya moto mahali fulani, tarehe fulani, na maji yaliniingia puani." Maneno hayo machache yanaweza kumfanya aagize maji ya uti wa mgongo yachunguzwe mara moja kutafuta amiba.

Kuwahi ndilo tumaini pekee. Mwaka 2013 msichana wa miaka 12 nchini Marekani alinusurika baada ya ugonjwa kutambuliwa mapema na kupewa dawa kadhaa kwa pamoja. Mojawapo ilikuwa miltefosini, dawa ambayo pia hutibu kala-azar.

NA CHEMCHEMI ZETU JE?

Huna haja ya kuvuka bahari ili kuona maji yakichemka yenyewe. Kando ya Ziwa Bogoria, Baringo, ziko chemchemi ambazo joto lake hukaribia kiwango cha kuchemka, na wageni huchemshia mayai humo. Huko hatari ya kwanza ni kuungua. Ardhi iliyo kando ya tundu huweza kuwa gamba jembamba tu, na anayelikanyaga hutumbukia. Mshike mtoto mkono, na usikaribie ukingo kwa ajili ya kupiga picha.

Vile vile, maji mengi ya moto katika Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi, ambayo huchafua meno ya watoto na hata kudhoofisha mifupa yakinywewa kwa miaka mingi. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Kwa hivyo usiyafanye kuwa maji ya kunywa.

Na pale ambapo maji yamepoa yakawa ya kuogeka, kanuni ni ile ile ya Guadeloupe: mwili ndani, kichwa nje.

Msomaji, lengo letu si kukutia hofu. Msitu ule ni mzuri, na maji yale ni neema kwa mwili uliochoka. Mzazi anayepeleka watoto wake huko na awaambie kabla hawajavua viatu, si baada ya kuwa wamekwisha kuruka: leo hatupigi mbizi, wala hakuna kumwagiana maji usoni. Wakilalamika, waache walalamike. Mtoto aliyenuna kwa nusu saa utarudi naye nyumbani akiwa mzima.

Hadi juma lijalo, jitunze.