Ushuhuda wa Ardhi ya Shanga

Ndugu msomaji, mara kwa mara huulizwa, hasa na wale wanaoanza kuuchungua Uislamu, kama dini hii ilikuwa kitu kingine pwani yetu ila mzigo ulioshushwa na majahazi ya wageni. Swali hili lina asili yake. Waandishi wengi wa zama za ukoloni, walipoyaona magofu ya Gedi na Kilwa, walikata shauri ya kwamba Mwafrika hakuweza kuyajenga. Sifa yote wakawapa Waarabu na Waajemi. Na wengi wao hawakuwa wamechimba hata shimo moja!

Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, yapo mahame ya mji uitwao Shanga. Tangu mwaka 1980 hadi 1988 mtaalamu Mwingereza, Mark Horton, aliyafukua tabaka baada ya tabaka. Chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine. Nguzo ikioza ardhini huacha doa la udongo wa rangi nyingine, na kwa madoa hayo hupimwa jengo lililokwisha kutoweka. Msikiti wa chini kabisa ulikuwa kibanda kidogo, cha kusalia watu wachache tu, nao wakadiriwa kuwa wa karne ya nane. Vyungu vya wakazi vilikuwa vya namna ile ile iliyoonekana katika vijiji vingine vya pwani na hata bara. Vyombo vya ng'ambo vilikuwa sehemu ndogo tu.

Lakini yafaa tuwe waadilifu. Bila shaka habari za Mtume s.a.w. zililetwa na mabaharia, na mapokeo ya Washirazi si uzushi mtupu. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa mabaki ya watu 80 walioishi baina ya miaka 1250 na 1800, wengi wao wa miji ya pwani. Wengi walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, pamoja na nasaba ya Kiajemi upande wa akina baba. Na kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000.

Hebu hesabu mwenyewe. Wageni hao walipoanza kuoa pwani, pale Shanga watu walikuwa wamekwisha kusali kwa karne mbili, na kibanda chao kimejengwa upya mara kadhaa.