Mashini ya kuchapa imekataa: tutafute wapi?

Katika somo hili tunataka kueleza namna ya kutafuta ubaya wa mashini ya kuchapa inayotumiwa na ordinatere nyingi katika biro moja. Wengi kati yenu mutafanya kazi ya biro kisha kupata diplome, na siku moja watawaita: «Njoo, mashini imekataa.»

Kwanza tujue vitu vyenyewe. Katika biro ya shule kuna ordinatere ine na mashini moja tu ya kuchapa. Mashini hiyo haina njia yake ya kuingia katika rezo. Kwa hiyo tuliifunga kwa waya wa USB kwenye kisanduku kidogo kinachoitwa serveri ya kuchapa, na kisanduku tukakifunga kwenye ruta. Kinapokea kazi za ordinatere zote na kuzipeleka kwa mashini moja moja.

Tuliifunga siku ya kwanza ya juma, kabla ya mitihani. Siku tatu ilichapa vizuri. Siku ya ine asubuhi, hakuna kitu. Maulizo ya hesabu yalikuwa ndani ya ordinatere, na mtihani ulikuwa kesho yake. Yanayofuata tunaona haya kuyaandika. Jana yake jioni mwanafunzi mmoja alikuwa amefagia ile biro. Tukasema: ni yeye, amegusa waya. Akakana. Tukamkataza kuingia tena. Ushahidi hatukuwa nao hata kidogo, tulikuwa na haraka tu.

Kisha tukaanza kazi namna tulivyopaswa kuianza tangu mwanzo, yaani kufuata njia kwa kinyume, toka mashini mpaka ordinatere. Je, mashini yenyewe inachapa? Ina buto ya kutoa karatasi ya majaribio bila ordinatere. Ikatoa, safi kabisa. Waya wa USB ulikuwa imara. Taa ya rezo kwenye kisanduku ilikuwa inawaka. Basi hakuna aliyevunja kitu, na hapo tayari mioyo yetu ilianza kutusumbua.

Ikabaki adrese. Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo tulipodanganywa. Kisanduku kilikuwa na adrese 192.168.1.102. Tukaandika katika ordinatere amri ya ping pamoja na namba hiyo, ni kama kupiga hodi. Jibu likaja mara moja. Tukafurahi: kisanduku kiko pale! Tukapoteza saa nzima tukitafuta ubaya ndani ya ordinatere. Mwishowe mmoja wetu akachomoa waya wa kisanduku, akapiga hodi tena. Namba 102 ikajibu vilevile! Nani basi alikuwa anajibu?

Ilikuwa ordinatere mpya ya ekonome, iliyoletwa siku ya tatu.

Ilitokeaje? Ruta inagawa adrese yenyewe. Kazi hiyo inaitwa DHCP. Fikirini enternati ambamo vitanda havina majina, anayefika kwanza anapewa kitanda kilicho wazi. Usiku umeme ulikatika, na ruta yetu ikasahau ugawaji wa zamani. Asubuhi ordinatere ya ekonome iliwashwa mbele, ikapewa 102. Kisanduku kilipowashwa kilipewa namba 105. Lakini ordinatere zingine zilikuwa bado zinapeleka barua kwa kitanda cha zamani. (Mashini ya stensili inayotoa gazeti hili haihitaji adrese. Inachafua mikono tu.)

Kuna njia ya kujua upesi kuliko kuchomoa waya. Chini ya kila kisanduku imeandikwa namba ya kiwandani, jozi sita za tarakimu na herufi, inayoitwa adrese ya MAC. Kisha kupiga hodi, andika arp -a. Ordinatere itaonyesha ni MAC gani iliyojibu. Kama si ile ya chini ya kisanduku, umezungumza na mtu mwingine.

Dawa yake ni kukipa kisanduku adrese isiyobadilika, tena nje ya zile zinazogawiwa na ruta. Yetu inagawa 100 mpaka 199, basi tukachagua 192.168.1.20, na maski 255.255.255.0. Kisha katika kila ordinatere tukabadilisha adrese ya zamani, na mlango tukauacha namba 9100, ambao visanduku vingi vinautumia.

Mbili zikachapa palepale. Ya tatu ikaendelea kusema mashini haiko, kumbe iko. Katika Windows, ndani ya mapango ya mlango ule, kuna alama ya SNMP. Tulipoiondoa ikanyamaza na kuchapa. Ya ine ikatoa karatasi kumi na mbili za herufi za ajabu, kwa sababu mtu aliweka programu ya mashini ya aina nyingine. Karatasi ni mali, mukiona vile simamisheni kazi kwanza.

Na kabla ya kununua kisanduku, ulizeni kama kinapatana na mashini yenu. Mashini zingine za bei ndogo zinategemea ordinatere ziwatengenezee ukurasa mzima, na visanduku vingi haviziwezi.

Maulizo ya hesabu yalitoka saa kumi na mbili jioni, gurupu ikiwa inanguruma. Usiku ule ule tulikwenda enternati kumwomba msamaha yule aliyefagia. Kesho yake aliandika namba 192.168.1.20 kwa rangi nyeupe juu ya kisanduku, kwani mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu.

Zoezi kwa darasa la tano na la sita: Ruta ya biro moja ina adrese 192.168.1.1, maski 255.255.255.0, na inagawa kuanzia 192.168.1.50 mpaka 192.168.1.150. Kati ya 192.168.1.60, 192.168.2.20 na 192.168.1.200, serveri ya kuchapa ipewe ipi? Elezeni pia kwa nini mbili zingine hazifai. Leteni majibu kwa mwalimu wa fizike kabla ya siku ya tano.