Inveta ya gari la safari inapogoma: anzia kwenye nati, si kwenye boksi

Mwongozo huu umeandikwa kwa madereva waongozaji na mafundi wa karakana wanaohudumia magari ya safari za kambi: yale yenye betri ya pili nyuma ya kiti, paneli ya jua juu ya paa, na inveta inayogeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 230 kwa ajili ya chaja za kamera, kompyuta za wageni na kibirika cha chai. Haumfundishi mtu kufungua inveta. Kazi hiyo ni ya fundi wa elektroniki mwenye meza, mwanga na muda, na dereva aliye lango la Naabi, Serengeti, jua linapozama hana hata kimoja kati ya hivyo.

Kwanza usalama, kwa maneno machache. Upande wa volti 230 unaua kama umeme wa nyumbani unavyoua. Upande wa betri haukurushi, lakini unaunguza: spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja huwa nyekundu kabla hujaiachia, na pete iliyonaswa hapo inaweza kuondoka na kidole. Vua pete na saa. Zungushia spana utepe wa umeme, uache mdomo wake tu. Unapofungua betri anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Betri ya asidi iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu, basi fungua mlango na subiri kidogo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Inveta ndiyo inayopiga kelele, kwa hiyo ndiyo inayotuhumiwa. Ikilia na kuwasha taa nyekundu, mara nyingi inachosema ni kwamba umeme unaoifikia ni hafifu. Nyingi za volti 12 huanza kulia volti zikishuka karibu na 11, na hujizima zikifika kama 10.5. Inveta haiwezi kujua kama betri imeisha au kama umeme umepotea njiani.

Hilo nililijifunza kwa hasara. Tulikuwa kambi ya umma Seronera, saa moja jioni, wageni wanne wamerudi na kamera zilizokwisha chaji. Mmoja akachomeka kibirika chake kidogo cha wati 800, inveta ikalia mara tatu, kimya. Nikapima betri: volti 12.6. Betri nzima, nikasema, basi inveta imekufa. Niliporudi Arusha nikanunua nyingine kwa fedha zangu ili nisisubiri ofisi, nikaifunga, nikachomeka pasi. Ikalia mara tatu, kimya. Mzee mmoja pale karakana hakuigusa inveta. Aliniambia nichomeke tena, akapeleka mkono kwenye nati iliyofunga waya wa hasi kwenye chasisi, akaurudisha haraka. Tulipofungua tukakuta washa imegeuka rangi ya buluu kwa joto, na chini yake kuna rangi ya gari ambayo hakuna aliyeikwangua siku ya kufunga. Nati yenyewe ilizunguka kwa vidole. Inveta ya kwanza nilimpa mwenzangu, akaitumia kwa safari nyingi bila kulalamika.

Kosa langu lilikuwa kupima betri ikiwa imepumzika. Betri isiyofanya kazi haisemi ukweli wote. Pima mzigo ukiwa umewashwa.

Utaratibu wake ni huu. Chukua mita ya kawaida, iweke kwenye volti za betri. Pima kwanza bila mzigo, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa na paneli haichaji, maana betri iliyotoka tu kuchajiwa huonyesha namba ya kujivuna. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.7. Nusu yake ni kama 12.2. Ikishuka chini ya 11.9 imekwisha, na kila siku unayoiacha hapo unaikata umri. Betri ya lithiamu ni mnyama mwingine: hukaa karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha huporomoka kwa ghafla, na bodi ya ulinzi iliyo ndani yake ikikata, mita husoma sifuri au namba ndogo isiyoeleweka. Hiyo si betri iliyokufa. Toa mizigo yote, ipe chaji, na mara nyingi itaamka.

Kisha washa mzigo unaoujua wati zake, na usizidi uwezo wa inveta. Pima kwenye vichwa vya betri. Pima tena kwenye skrubu za inveta zenyewe, pale waya unapoingia. Betri ikisoma 12.1 na inveta ikisoma 10.6, umeshapata jibu: volti moja na nusu zimepotea njiani.

Zimepotelea wapi? Hapa mita inafanya kazi ambayo mafundi wengi hawaipi. Mzigo ukiendelea, weka ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri na ncha nyeusi kwenye skrubu ya chanya ya inveta. Namba unayoiona ndiyo hasara ya waya huo wote pamoja na fyuzi na maungio yake. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Waya mzuri ukibeba mzigo mkubwa hautapoteza zaidi ya sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Ukikuta 0.9 upande mmoja, sogeza ncha moja hatua kwa hatua: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, juu ya nati, juu ya chuma chenyewe. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Na usiidharau hiyo 0.9. Ampea 80 zikipita hapo, joto linalozalishwa ni wati 72, sawa na kuficha balbu ya zamani chini ya nati moja. Ndiyo maana maungio mabovu huyeyusha plastiki, na ndiyo maana mkono wa mzee yule ulirudi haraka.

Barabara zetu zina mchango wao. Kutoka lango la Loduare, Ngorongoro, hadi Naabi gari linatetemeka kwa saa kadhaa juu ya changarawe yenye mikunjo, na hakuna nati isiyofikiria kulegea. Kwa hiyo kila baada ya safari kaza maungio ya betri, fyuzi, inveta na chasisi. Kwenye chasisi kwangua rangi hadi chuma king'ae, tumia washa ya springi, kisha paka grisi juu ili kutu isirudi. Bora kuliko yote ni kuvuta waya wa hasi moja kwa moja hadi kwenye betri na kuiacha chasisi nje ya habari hizi.

Waya nao una hesabu yake. Inveta ikitoa wati 1000, kutoka kwenye betri inavuta karibu ampea 90, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kwa joto wakati wa kugeuzwa. Tuseme betri iko mita mbili kutoka kwenye inveta, yaani mita nne za waya kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba utapoteza volti moja nzima, na utachemka. Wa milimita 25 utapoteza robo volti. Wa 35, pungufu ya sehemu mbili za kumi. Ndiyo maana inveta hukaa karibu na betri, na anayetaka soketi mbali arefushe upande wa volti 230, si upande wa betri. Ukinunua waya, kwangua nyuzi zake kwa kisu. Zikitoa weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Bei yake ni ndogo, na umeme unaopita ni mdogo vilevile.

Fyuzi ikae karibu na betri na iwe ya ampea zilizoandikwa kwenye kitabu cha inveta. Ikikatika, tafuta sababu kabla ya kuweka nyingine. Msumari au kipande cha waya mahali pa fyuzi si ufundi. Gari likishika moto porini hakuna wa kumpigia simu.

Kama volti ziko sawa hadi kwenye skrubu za inveta na bado inajizima, tazama ulichochomeka. Friji ya kompresa huvuta mara kadhaa ya wati zake inapoamka, na inveta inayotosha kuiendesha huenda isitoshe kuiwasha. Chomoa vyote, washa inveta ikiwa tupu, kisha rudisha kimoja kimoja. Inveta za bei rahisi hutoa umeme wa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini. Baadhi ya chaja hunguruma na kupata moto zikilishwa umeme huo, na mota huteseka. Hilo si hitilafu, ni tabia ya inveta uliyonunua.

Joto. Inveta iliyofungiwa chini ya kiti pamoja na mablanketi itajizima mchana na kufanya kazi usiku, na dereva ataapa kuwa ina mashetani. Iachie nafasi pande zote. Vumbi kwenye feni lipulizwe kwa hewa kavu, inveta ikiwa imezimwa, na panga za feni zishikwe zisizunguke.

Inveta isiunganishwe kwenye betri ya stata. Kila unapowasha injini volti huanguka, nayo huzimika. Kama gari lako limeunganishwa hivyo, izime kwanza ndipo uwashe gari. Na malori ya safari yenye mfumo wa volti 24 yasipewe inveta ya volti 12 hata kwa kujaribu.

Upande wa jua, malalamiko mengi ni ya vumbi na kivuli. Tunaegesha chini ya mgunga ili wageni wale chakula cha mchana kwenye ubaridi, wakati saa sita ndiyo saa ya mavuno ya paneli. Tawi moja tu likikatiza paneli, mavuno yanaweza kushuka sana. Kama eneo linaruhusu, wageni wakae kivulini na gari likae juani. Paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12 ikipimwa juani bila kuunganishwa husoma kati ya volti 18 na 22. Ikisoma hivyo na betri haipandi, shuku kontrola ya chaji au waya. Unapounganisha kontrola, betri itangulie paneli. Unapofungua, paneli itangulie. Ukichomoa betri na kuiacha paneli, baadhi ya kontrola hupeleka volti kubwa hadi kwenye inveta, nayo italia kwa kuzidiwa.

Usiku izime inveta. Ikiwa tupu, inveta inayokula wati 15 itamaliza kama ampea-saa 15 katika saa 12, na kwenye ukingo wa Ngorongoro, ambako baridi hupunguza nguvu ya betri ya asidi, utaamka na betri iliyochoka bila mtu kuchaji hata simu.

Jambo moja halina msamaha: usichomeke umeme wa kambi au jenereta kwenye soketi inayotoka kwenye inveta. Vyanzo viwili vya volti 230 vikikutana, inveta hufa papo hapo. Anayetaka vyote viwili afungiwe swichi ya kuchagua chanzo.

Inveta inahukumiwa kuwa imekufa pale tu volti kwenye skrubu zake ni nzuri, hakuna kilichochomekwa, haina joto, na bado haitoi kitu; au ikinuka plastiki iliyoungua; au ikijulikana kuwa iliwahi kufungwa chanya na hasi vikiwa vimebadilishana. Hapo itoe kwenye gari na uipeleke kwa fundi. Andika kwenye karatasi volti za betri bila mzigo, volti kwenye skrubu za inveta mzigo ukiwaka, kilichokuwa kimechomekwa, rangi ya taa, idadi ya milio, na kama injini ilikuwa ikifanya kazi. Karatasi hiyo ibandikwe kwa utepe juu ya inveta yenyewe, kwa sababu gari huingia karakana saa nne usiku, na anayelipokea asubuhi hakuwepo Seronera.