"Nitafika" ya Nani? Somo Fupi la Nafsi ya Kwanza

Wanafunzi wenzangu, sote twajua kwamba nafsi ni tatu. Twakariri viambishi, ni- na tu-, u- na m-, a- na wa-, kisha twafunga daftari tukidhani kazi imekwisha. Hebu leo tukitazame hiki cha kwanza, ni-. Ni silabi moja tu, lakini imewatoa wanafalsafa jasho.

Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha mwaka 1984, aliwaza mashine inayompima mtu chembe kwa chembe, ikamwangamiza, kisha ikapeleka habari zake kwa redio hadi sayari ya Mirihi. Huko anaundwa mtu mwenye mwili mpya na kumbukumbu zile zile, hata mkato alioupata asubuhi akinyoa ndevu anao. Je, amesafiri au amekufa?

Tusiende mbali hivyo. Tuiweke mashine hapa Mai Mahiu, pale njia panda, barabara moja ikienda Narok na nyingine Naivasha. Juma wa vitabu vya sarufi anaingia. Anarudufiwa kama karatasi za mtihani, ila karatasi ya kwanza inachanwa. Nakala moja inatokea Narok, nyingine Naivasha. Sasa tuna Majuma wawili (msicheke, si wiki, ni ngeli ya A-WA).

Wa Narok anasema, "Nimefika Narok." Wa Naivasha anasema, "Sijafika Narok." Wote wawili wasema kweli! Hakuna ugomvi, kwa sababu "mimi" ni kama "hapa": maana yake ni ile ile, ila huelekeza kwa yeyote anayetamka.

Matata yako kwenye -ta-. Kabla ya kitufe kubonyezwa, Juma alisema, "Nitafika Narok." Tukikubali, kwa nini tukatae Naivasha? Tukikubali zote mbili, mtu mmoja atakuwa ameshiba Narok na huku ana njaa Naivasha. Aseme "tutafika"? Na nani, ilhali amesimama peke yake? Aseme "watafika"? Basi anawazungumzia wageni, naye anaaga dunia.

Parfit alijibu kwamba kuwa yule yule si jambo kubwa. Lililo kubwa ni kumbukumbu na tabia kuendelea. Mimi namkubali nusu. Kwetu neno "nafsi" ni la sarufi na pia ni la roho, ndiyo maana tunadhani kila ni- ina roho moja nyuma yake, jana, leo na kesho. Lakini kiambishi chenyewe kinatuhakikishia msemaji tu. Hakituhakikishii kwamba kesho atakuwa mmoja.

Nusu ninayoikataa ni hii. Juma alikula chapati na maharagwe kwa deni la shilingi 200, akamwambia mama wa kibanda, "Nitalipa." Wote wawili wanakumbuka kula, tena wanakumbuka kuahidi. Mmoja akisema "hakuwa mimi", na mwenzake aseme vivyo hivyo, mama ataishiwa unga bure. Naona ana haki ya kumdai yeyote atakayempata kwanza, mradi alipwe mara moja. Hao wawili wagawane baadaye.

Zoezi: Kanusha sentensi "Nitafika Narok" kwa niaba ya Juma kabla ya kitufe kubonyezwa. Je, ukanushi wako ni kweli? Majibu yaletwe chamani Ijumaa.