Bodi ya Kompyuta Ikibadilishwa, Faili na Leseni Zitanusurikaje?

Umeme ukipotea jioni na kurudi kwa kishindo, si ajabu kompyuta ya saiba, ya shule au ya chama cha akiba kukataa kuwaka asubuhi yake. Mara nyingine kasoro huwa ni pawa saplai tu, na hiyo hubadilishwa bila matatizo. Lakini fundi akisema bodi mama imeungua, yaani ule ubao mkubwa unaobeba prosesa na memori na kuunganishwa na diski, mwenye kompyuta anaingia katika shughuli yenye mitego asiyoiona. Kufunga bodi mpya ni kazi ya saa chache. Kinachowasumbua wengi ni yanayofuata: kompyuta inawaka ila Windows haifunguki, au inafunguka na kudai leseni, au inaomba nambari ndefu ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuiona.

Swali la kwanza, kabla ya kuzungumzia mfumo utakaowekwa, ni faili ziko wapi. Katika kompyuta za mezani na vipakatalishi vingi, faili hukaa kwenye diski inayochomolewa, na mara nyingi bodi huungua diski ikabaki nzima. Vipakatalishi vidogo vya bei nafuu ni habari nyingine. Vingi vyenye hifadhi ya GB 32 au 64 huwa na hifadhi hiyo imechomelewa kwenye bodi yenyewe. Bodi ikitolewa, barua, hesabu na picha zote zinaondoka nayo. Mwenye kifaa cha aina hiyo amuulize fundi mapema kama bodi ya zamani inaweza kufufuliwa, hata kwa saa moja tu, ili faili zinakiliwe.

Mtego wa pili ni kufuli. Vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni hufunga diski kwa teknolojia iitwayo BitLocker, na mara nyingi hufanya hivyo vyenyewe, bila kumuuliza mtu, pindi mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft kwa mara ya kwanza. Ufunguo wa kila siku hutunzwa na chipu ya usalama iitwayo TPM, ambayo iko kwenye bodi au ndani ya prosesa. Diski ikikutana na bodi ngeni, haimtambui mwenyeji wake mpya, na kompyuta huomba ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Bila tarakimu hizo, si fundi wala Microsoft wenyewe watakaoweza kuifungua diski. Hiyo ndiyo kazi ya kufuli: mwizi aliyeiba kipakatalishi hukwama hapo, na mwenye mali asiyejiandaa hukwama papo hapo pia.

Kwa kawaida nakala ya ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa siku kompyuta ilipoanzishwa. Mkazi anaweza kuitafuta hata kwa simu, katika anwani account.microsoft.com/devices/recoverykey. Zikionekana funguo kadhaa, herufi na tarakimu 8 za kwanza za kitambulisho cha ufunguo zilinganishwe na zile zilizo kwenye skrini ya kompyuta. Taabu ni kwamba mara nyingi akaunti hiyo ilifunguliwa na muuzaji dukani, au na kijana wa nyumbani, kwa baruapepe ambayo sasa hakuna anayeikumbuka nywila yake. Ndiyo maana ufunguo unafaa kutafutwa leo, kompyuta ikiwa bado nzima, uandikwe kwenye karatasi na kutiwa pamoja na hati nyingine muhimu. Kwa kipakatalishi cha kazi, ufunguo huenda uko kwa idara ya teknolojia ya mwajiri. Na kama kompyuta bado inawaka na bodi inabadilishwa kwa sababu nyingine, fundi asimamishe BitLocker kwa muda kabla ya kuizima.

Bodi mpya ikishafungwa, hakuna haja ya kukimbilia kufomati. Windows 10 na 11 mara nyingi huitambua bodi ngeni, huzunguka kwa dakika kadhaa zikitafuta draiva, kisha hufunguka kama kawaida. Zikikataa, fundi atazame kwanza mipangilio ya BIOS. Kama bodi ya zamani ilikuwa ikiisoma diski kwa RAID na mpya inaisoma kwa AHCI, Windows hukwama ikilalamika kwamba haioni diski ya kuwakia. Vivyo hivyo, mfumo uliowekwa kwa njia ya zamani ya BIOS hauwezi kuwaka kwenye bodi inayokubali UEFI pekee. Fundi anayesema “tufomati tu” kabla ya kuyaangalia haya anajirahisishia kazi kwa gharama ya mteja.

Ikibidi kuweka mfumo upya, faili zinakiliwe kwanza. Diski inaweza kuchomolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine kwa waya wa USB, au kompyuta iwashwe kwa flashi yenye Linux na faili zihamishwe kutoka hapo. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itahitaji zile tarakimu 48 hapa pia. Baada ya hapo flashi tupu ya GB 8 au zaidi inatosha kutengeneza kisakinishi kutoka tovuti ya Microsoft. Inafaa draiva ya mtandao ya bodi mpya iwekwe kwenye flashi nyingine mapema, kwa kuwa Windows isipoitambua Wi-Fi haitaweza kupakua draiva nyingine zozote.

Leseni ndiyo inayozua mabishano zaidi. Kompyuta zilizouzwa zikiwa na Windows 8 na matoleo ya baadaye kwa kawaida huwa na namba ya leseni ndani ya chipu iliyo kwenye bodi, hivyo bodi ikiondoka namba nayo imeondoka. Leseni iliyonunuliwa peke yake dukani inaweza kuhamishwa. Ile ya kidijitali iliyounganishwa na akaunti ya Microsoft huweza kurejeshwa: baada ya kuingia kwa akaunti ileile, mtumiaji hufungua ukurasa wa uamilishaji katika mipangilio, huanzisha kitatuzi cha matatizo na kueleza kwamba kifaa kimebadilishwa sehemu hivi karibuni. Toleo liwe lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Wanunuzi wa kompyuta za mtumba, zile ziitwazo ex-UK, wawe waangalifu zaidi, maana huenda leseni iliyokuwamo ilikuwa ya kampuni iliyoitumia awali.

Windows isiyoamilishwa huendelea kufanya kazi, ikiwa na maandishi ya kero pembeni mwa skrini. Kwa hiyo kuna muda wa kutafuta leseni halali. Programu za kuvunja leseni zinazopitishwa kwa flashi mitaani huweza kuja na virusi vinavyoiba nywila, na kompyuta ambayo wateja wanafungulia eCitizen na iTax si mahali pa kujaribia bahati.

Kuna pia suala la toleo. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Bodi inayonunuliwa sasa ikaguliwe kama ina TPM 2.0, ambayo Windows 11 huidai pamoja na memori ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kompyuta isiyofikia hapo inaweza kutumia Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure na hufungua tovuti za serikali bila shida. Anayejaza fomu za Excel za iTax azijaribu kwanza kabla ya kuhama kabisa.

Bodi ya zamani na diski visiachwe kwa fundi kwa mazoea. Saiba yenye nakala za vitambulisho vya wateja inatunza taarifa za kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na wajibu huo hauishi kwa sababu kompyuta imeharibika. Mteja adai arudishiwe vyote viwili. Bodi yenye hifadhi iliyochomelewa itobolewe chipu hiyo kwa drili kabla ya kupelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.